Kabla hujakata mkono wa gia, badilisha bushi

Vijana wa hapa Dodoma wenye Altezza na Corolla za manyuali wakipanda gari langu, swali lao ni lilelile: mkono wa gia umekatwa wapi ili usafiri kidogo, na kwa fundi gani? Wakiona tatu inavyoingia kwa kusukuma kidogo tu, wanataka waende kwa mchomeleaji jioni hiyohiyo. Huwa nawaambia wasubiri kwanza.

Mara nyingi gia inayoonekana ndefu tatizo lake si urefu wa mkono, ni bushi, vile vikombe vya plastiki vinavyoushika mkono. Kwenye gari ambalo mkono unaingia moja kwa moja kwenye giaboksi, kama Altezza au Hilux, kuna gololi kubwa iliyokaa kwenye kikombe cha nailoni, na ncha ya chini ina kikombe chake kidogo cha plastiki. Vikiisha hivyo, mkono unatembea bure kabla gia haijasogea. Na kwa vumbi letu hili, huisha mapema. Tulipofungua langu kule Kizota, raba ya vumbi ilikuwa imepasuka, grisi imechanganyika na vumbi jekundu, ukiisugua kwa vidole unasikia mchanga. Kikombe kilitoka vipandevipande.

"Bosi, usikate kwanza," fundi akaniambia. "Weka bushi mpya, uendeshe, halafu uje uniambie kama bado unataka kukata."

Nikaweka. Mkono uliokuwa unacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka ukatulia. Wengi wangeishia hapo, na wangekuwa sahihi. Mimi bado nilitaka ufupi zaidi.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanauziwa maneno. Tuseme juu ya gololi mkono una sentimita 30 na chini yake una 6. Ncha ya chini ikihitaji kusogea milimita 15, kiganja chako kitasafiri milimita 75. Ukikata sentimita 5 juu, kiganja kitasafiri kama 62 na nusu. Lakini nguvu ya kusukuma inaongezeka kwa asilimia 20, hakuna cha bure. Ukiacha juu kama ulivyo na kurefusha chini kwa sentimita 1, safari inakuwa kama 64. Umepata karibu kilekile, na mkono haujashuka ukawa unaufuata kwa kuinama. Kwa hiyo mimi napendelea kazi ifanyike chini, kwa fundi wa kuchonga vyuma mwenye mashine, siyo kwa grainda barabarani. Apime kwanza kama ncha iliyorefushwa haitagonga ukuta wa nyumba ya gia.

Ukiamua kukata juu tu, kata katikati na uunge kwa bomba la ndani kabla ya kuchomelea. Usikate kule kwenye uzi wa kichwa cha gia. Toyota nyingi hutumia uzi wa milimita 12 wenye hatua ya milimita 1.25, na kuuchonga upya kunahitaji dai yake, yaani kifaa cha kukatia uzi. Na mkono utolewe kwenye gari ndipo uchomelewe! Ukichomelea ukiwa umefungwa, joto linateremka hadi kwenye nailoni uliyoinunua juzi.

Gari za kuvuta mbele zina kebo mbili, na hapo kuna mtego. Safari ya kebo ya kwenda mbele na nyuma ndiyo ya kufupisha, si kebo yenyewe. Ile ya kulia na kushoto iache. Ukiibana, milango ya gia, yaani njia mkono unamopita, inasogeleana, na siku unapita malori njia ya Kibaigwa unatoka tano kwenda nne, unaangukia mbili. Injini inapiga kelele ambayo hutaisahau, na valvu zinaweza kupinda.

Jambo lingine ni sinkronaiza, zile pete zinazosawazisha mwendo kabla meno hayajashikana. Mkono mfupi hauzifanyi ziwe na haraka, unakupa wewe haraka. Ukilazimisha, zinalika. Sukuma, sikilizia kidogo, kisha malizia. Oili ya giaboksi nayo weka daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usikubali oili ya daraja la GL-5 kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani kama kitabu kinataka GL-4; kwenye baadhi ya giaboksi hula hizo pete za shaba ya njano.

Hilux ya kubeba mahindi iache ilivyo. Dereva anayeshinda anabadili gia na mzigo mgongoni anahitaji mkono mrefu, bega lake ndilo litakalolipa tofauti.

Kabla ya kumlipa fundi, zima injini uingize gia zote, na rivasi. Kisha washa, urudie. Halafu nenda hadi Nala urudi, gari likiwa limepata moto, ndipo uegeshe sehemu ya kubana utoke kwa rivasi. Ikikwaruza au ikigoma hata mara moja, mrudishie gari na pesa yako ibaki mfukoni.