Mtoto wa paka wa Siam: kwanza mwone mama yake, rangi baadaye

Dada wa Birmingham, swali lako nimelisoma mara mbili, maana umenirudisha mwaka 2019. Unasema wanao wa miaka 4 na 7 wanalilia paka wa Siam, wewe na mumeo mnashinda kazini, na kuna mtu umempata mtandaoni ana mtoto wa wiki 7, tena atakuletea hadi mlangoni. Unauliza uchukue dume au jike, na rangi ipi.

Huyo usimchukue, nakuomba.

Mimi niko Leicester. Paka wetu wa kwanza wa Siam nilikabidhiwa usiku kwenye maegesho ya magari, ndani ya boksi la viatu. Muuzaji alisema ana wiki 9. Daktari wa wanyama alipomtazama meno akaniambia hata 7 hajafika. Macho yamegandana kwa tongo, pua inatiririka, hawezi kunusa chakula, kwa hiyo akawa hataki kula. Mafua ya paka. Wiki tatu tulikuwa tunaamka usiku kwa zamu kumfuta macho kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Alipona, alhamdulillahi, ila jicho la kushoto humtoa machozi hadi leo kila anapopata misukosuko, kwa sababu kirusi kile kikishaingia hakitoki. Na alikuwa anang'ata. Wanangu walikuwa na alama za meno mikononi, kwani kung'ata kwa kiasi ni somo analofundishwa na mama yake na ndugu zake, naye aliondolewa kabla hajalimaliza.

Tangu Aprili 2020 hapa England mchuuzi wa kati haruhusiwi kuuza mtoto wa paka aliye chini ya miezi 6. Unanunua kwa aliyemzalisha, au unachukua kwenye kituo cha paka waliookolewa. Wafugaji waliosajiliwa na GCCF (chama cha kusajili paka wa asili hapa Uingereza) hawatakiwi kumtoa mtoto kabla ya wiki 13, na anatoka akiwa amekamilisha chanjo zake za mwanzo. Wiki hizo 13 ukiwa unasubiri utaziona ndefu, hasa watoto wakikuuliza kila siku. Subiri.

Mara ya pili, 2021, tulisafiri saa moja na nusu kwenda kwa mama mmoja anayefuga nyumbani kwake. Nilikaa chini kwenye zulia karibu saa nzima bila kumgusa paka yeyote. Paka mama ndiye aliyenijia kwanza, akaninusa mkoba, akaanza kunisemesha kwa ile sauti yao nzito kama ya mtoto mchanga aliyenyimwa kitu. Watoto wakamfuata. Hapo ndipo nilipojua nimefika mahali salama. Mama anayejificha chini ya kabati mgeni akiingia, watoto wake hujifunza hivyo hivyo. Vilevile wale watoto walikuwa wanalelewa sebuleni, televisheni inasema, mashine ya kufua inanguruma, wajukuu wanapita. Aliyelelewa kwenye kibanda cha uani atakuja kukutana na kelele za wanao akiwa ameshachelewa.

Ukiwa pale, mshike mtoto unayemtaka. Macho makavu, pua safi, masikio yasiwe na uchafu mweusi kama unga wa kahawa (hao ni utitiri), chini ya mkia pasiwe na kinyesi kilichoganda. Tumbo lililotuna kama ngoma huku mbavu zinaonekana, mara nyingi ni minyoo. Muulize mfugaji kama wazazi wamepimwa vinasaba vya ugonjwa wa retina unaopofusha, maana kwa paka wa Siam upo na kipimo chake kipo. Mfugaji wa kweli hatachukia. Atakuuliza maswali kuliko unayomuuliza wewe.

Sasa rangi. Watoto hawa huzaliwa weupe, kwa sababu rangi yao hufanya kazi pale tu mwili unapopoa, na tumboni kwa mama hakuna baridi. Masikio, uso, miguu na mkia hupoa zaidi, ndiyo maana huko ndiko rangi inakokolea. Wetu alipofungwa kizazi alinyolewa ubavuni, ikawa majira ya baridi, nywele zikarudi na kiraka cha kahawia. Binti yangu alilia akidhani ni ugonjwa. Zilipobadilika baadaye kiraka kikafifia. Kwa hiyo usiumize kichwa kuchagua kati ya kahawia iliyokolea na kijivu. Dume au jike nalo halina uzito, mradi ahasiwe au afungwe kizazi mapema. Wetu alifungwa akiwa na miezi 4.

Lililo zito ni hili: mchana nani yuko nyumbani? Kwetu Tanga paka alikuwa wa uani, anapewa vichwa vya samaki, akichoka nasi anakwenda kwa jirani. Paka wa Siam anataka mtu. Sisi tulikuwa tunatoka saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni, na yule wa kwanza alilia hadi jirani akaja kuuliza kama tumemwacha mtoto mchanga ndani. Akawa anatafuna sweta za sufu mpaka mashimo. Alipoletwa wa pili, kilio cha mchana kikaisha ndani ya mwezi. Kama ratiba yenu haibadiliki, chukueni wawili wa tumbo moja. Kama bajeti haitoshi wawili, basi paka wa Siam asubiri.

Siku ya kumleta, omba kitambaa alicholalia na mama yake, na konzi ya mchanga wa trei yake, na chakula kile kile anachokula. Mpe chumba kimoja tu kwa siku chache. Waambie watoto wakae sakafuni na wamwache aje mwenyewe. Wetu alijificha nyuma ya kochi siku mbili, usiku wa tatu akapanda mapajani kwa binti yangu mdogo akalala, na mtoto hakujitikisa mpaka mguu ukafa ganzi. Fungua mashine ya kufua uitazame kila kabla ya kuiwasha, wanapenda joto lake. Maua ya yungiyungi (lily) yasiingie ndani kabisa, hata chavua yake huua figo za paka. Panadol au chochote chenye paracetamol usimpe hata chembe, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin usimpake kamwe. Usisahau chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi: tangu Juni 2024 ni lazima awe nayo kabla ya kufikisha wiki 20, na hakikisha imesajiliwa kwa jina lako, si la mfugaji.

Mwandikie yule muuzaji leo umwambie hapana. Ukimpata mfugaji, kabla hujauliza bei, muulize: nikija, mama yao nitamkuta hapo nyumbani?