Swapu inajaa, barua pepe zinakwama: maswali yenu wiki hii

Fundi, shikamoo. Seva yetu ya barua pepe ina RAM ya GB 2: Postfix ya kupokea na kutuma barua, Dovecot ya kuwafungulia watu masanduku yao, na ClamAV ya kukagua virusi. Kila siku kama saa mbili usiku swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) inajaa, barua zinakwama, halafu inatulia. Nimeongeza swapu mara mbili, wapi!

Marahaba. Hilo la "kila siku saa mbili" limeniambia karibu yote. Barua huingia wakati wowote. Kinachofuata saa ni kazi iliyopangwa. Endesha `journalctl -k | grep -i "out of memory"`. Nahisi utakuta mstari wa namna hii:

`Out of memory: Killed process 1432 (clamd)`

Maana yake kerneli, kiini cha Linux, imekosa kumbukumbu ikamuua aliyekula nyingi. clamd, programu ya ClamAV inayofanya ukaguzi, huweka saini zote za virusi (alama za kuvitambua) ndani ya RAM, na peke yake inakula zaidi ya GB 1. freshclam, mwenzake anayepakua saini, ikileta mpya, clamd hupakia hifadhidata mpya huku ya zamani bado ikiwa kazini, ili ukaguzi usikatike. Kwa dakika hizo chache inataka karibu mara mbili ya kawaida yake. Utaitoa wapi kwenye GB 2?

Linganisha saa ya mstari huo na ile iliyo kwenye logi ya freshclam. Angalizo: seva nyingi zimewekwa saa za UTC, saa tatu nyuma ya zetu, kwa hiyo saa mbili na dakika saba usiku ya Dar es Salaam utaisoma 17:07. Watu wengi wanapotea hapo.

Zikilingana, fungua `clamd.conf`, andika `ConcurrentDatabaseReload no`, kisha washa clamd upya. Ukaguzi utasimama kidogo saini zinapopakiwa, na barua zitasubiri. Afadhali zisubiri kuliko clamd kuuawa kila jioni. Lakini nakuomba sana, mwombe bosi RAM zaidi. Waliotengeneza ClamAV wenyewe wanapendekeza kuanzia GiB 3, na wewe una Dovecot na Postfix juu yake.

Kwenye `free -h` naona "free" ni MB 90 tu. Nimekwisha?

Bado. Linux huitumia RAM isiyo na kazi kuhifadhi faili zilizosomwa karibuni, na huiachia ikihitajika. Safu ya kutazama ni `available`. Kisha endesha `vmstat 1` na ukodolee macho `si` na `so`, yaani kinachotoka na kinachoingia kwenye swapu kila sekunde. Zikiwa sifuri, hata kama swapu imekaliwa GB nzima, kunywa chai yako. Zikiwa maelfu sekunde baada ya sekunde, hapo seva inahangaika kweli, na inafaa umtafute mlaji: `grep VmSwap /proc/*/status`.

Kuna ujumbe unarudiarudia: "Read-error on swap-device". Niongeze swapu?

Usiongeze kitu! Hapa RAM haina kosa: kerneli imeandika kitu kwenye diski, imerudi kukisoma, imekosa. Mimi niliwahi kuupuuza ujumbe huu nikidhani ni wa kupita, diski ikafa na barua za ofisi nzima za miezi kadhaa zikaenda nayo. Bado inaniuma. Leo hii, kabla ya jambo jingine lolote, nakili masanduku ya barua kwenda mashine nyingine. Ndipo uendeshe `smartctl -a` na kutazama `Current_Pending_Sector`, hesabu ya sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka. Ikizidi sifuri, andaa diski mpya. Kama seva ni ya kukodi, wapelekee wenye mitambo ujumbe huo kama ulivyo.

Niweke swappiness 0?

Hiyo ni namba ya jinsi kerneli inavyopenda kutumia swapu. Kwa kawaida ni 60. Ukitaka weka 10. Haitatibu uhaba wa RAM.

Nimeunda faili la swapu kwa `fallocate`, `swapon` inasema "Invalid argument". Na lile la zamani hupotea kila nikiwasha seva upya.

Mara nyingi faili la hivyo lina mashimo (sehemu zisizoandikwa kweli kwenye diski), na kerneli hulikataa, `dmesg` itakuthibitishia. Lifute, ulijaze kweli:

`dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=2048`

Kisha `chmod 600 /swapfile`, `mkswap /swapfile`, `swapon /swapfile`. Usiiruke hiyo ya 600 inayozuia wengine kulisoma faili, maana vipande vya barua za watu hulala humo ndani. Kupotea ni kwa sababu halijaandikwa kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski na swapu ambayo seva huisoma ikiwaka. Ongeza:

`/swapfile none swap sw 0 0`