Uliza Ujibiwe: Kichwa cha Kuchagua na Filamu za Utabiri

Swali: Shikamooni wahariri. Kwenye banda la video hapa mtaani walionyesha Minority Report, ile ya polisi wanaomkamata mtu kabla hajaua. Tukabishana mpaka mwenye banda akatufukuza. Mnaijeria mmoja mfanyabiashara akasema kwao Wayoruba mtu hujichagulia kichwa kabla ya kuzaliwa. Sasa kama nimekichagua mwenyewe na siwezi kukirudisha, hiyo ni hiari au kifungo? (Msomaji, Mabatini)

Jibu: Marahaba. Kichwa anachokisema si hiki cha kuvalia kofia. Ni ori, kichwa cha ndani, ambamo mna fungu lako la maisha.

Mashairi ya Ifa, ramli ya Wayoruba, yanasimulia marafiki watatu wanaoshuka duniani. Kwanza lazima wapite kwa Ajala, mfinyanzi wa vichwa. Ajala ni fundi hodari lakini mdaiwa sugu, na ghala lake halina mpangilio: vichwa vingine havikuiva tanurini, vingine vina nyufa, na kwa nje huwezi kuvitofautisha. Oriseeku na Orileemere wanafika, hawamkuti, wanajichukulia vinavyopendeza machoni. Afuwape amepiga ramli kwanza, akaambiwa atoe chumvi na fedha za kauri. Njiani anamkuta bawabu anaunga mboga kwa majivu (sisi wa magadi hatutamcheka), anamtilia chumvi. Bawabu anafurahi na kumpa siri: Ajala yumo, amejificha darini anamkimbia mdai. Afuwape analipa lile deni, kauri 12,000. Ajala anashuka, anavijaribu vichwa kwa kuvigonga, anamchagulia kimoja kizima. Safarini mvua inawanyeshea wote. Vya wale wawili vinamomonyoka, cha Afuwape kinafika salama.

Hakuna aliyelazimishwa kuchukua kichwa fulani, hapo hiari ipo. Ila hakuna aliyeweza kujua kwa macho kipi kimeiva, na hapo hiari ina mpaka. Hata wale wawili hawakufungiwa mlango. Adhabu yao ni kwamba sehemu kubwa ya jasho lao duniani inakwenda kuziba kichwa kilicholiwa na mvua. Ndiyo maana Wayoruba, pamoja na kichwa, hutaja ese, yaani mguu, kwa maana ya juhudi, na iwa, tabia, ambayo ikiwa mbovu huharibu hata kichwa kizuri. Wengi wao hupanga mafungu matatu: akunleyan, ulichokichagua ukiwa umepiga magoti, akunlegba, ulichopewa papo hapo, na ayanmo, ulichobandikwa, kama jinsia na ukoo wako. Mawili ya kwanza hurekebishika. La tatu, hapana.

Tukirudi kwenye filamu, iliyotoka 2002, watabiri wakiona mauaji yajayo, mtambo unachonga tufe la mti lenye jina la muuaji, na tufe likiwa la kahawia maana yake mauaji yamepangwa. Anderton, mkuu wa polisi hao, anasoma jina lake mwenyewe, amebakiza saa 36 kabla ya kumuua mtu aitwaye Crow. Anafika chumbani, bastola mkononi, hasira zote anazo, kisha anaanza kumsomea Crow haki zake za kukamatwa. Crow anakufa kwa sababu ameivuta bastola yeye mwenyewe. Kwa hiyo picha iliyoonwa ilitokea, lakini uamuzi wa kuua haukuwepo. Kwa ushahidi huo, waliobisha upande wa hiari walikuwa sahihi.

Ila Myoruba angeuliza jambo tunaloona ni zito zaidi: utabiri ule alipewa nani? Wanapewa polisi, mhusika anafichwa. Ifa humpa mwenye kichwa. Anderton anaweza kubadili mwenendo kwa kuwa, kwa bahati, ameona tufe lake. Waliokamatwa kabla yake hawakupata nafasi hiyo.

Swali: Nasoma chuo hapa Nyegezi. Nataka kutengeneza filamu fupi yenye babalawo, mpiga ramli wa Ifa, anayemtabiria rubani wa chombo cha anga. Ramli ya Ifa inapigwaje hasa? (Mwanafunzi)

Jibu: Usimwonyeshe akitazama kioo au maji kwenye beseni. Mteja ananong'oneza shida yake kwenye sarafu, babalawo haambiwi. Mbele yake pana sinia la mbao lililonyunyiziwa unga wa mti. Anashika kokwa 16 za mchikichi mkononi na kuzikwapua kwa mkono wa pili. Ikibaki 1, anachora mistari 2 kwenye unga. Zikibaki 2, anachora mstari 1. Isipobaki hata moja, au zikizidi mbili, anarudia bila kuandika. Anaendelea hadi apate alama 8, safu mbili za nne nne, akianzia kulia. Kila nafasi ina njia mbili, hivyo michoro yote ni 256. Njia ya haraka ni mkufu wa opele wenye nusu-maganda 8: unaangushwa mara moja tu.

Baada ya hapo anaghani beti za mchoro uliotokea, na mteja ndiye anayetambua ubeti unaomgusa. Kisha hutajwa ebo, sadaka ya kutoa. Waandishi wengi hukata hapa, wakaishia kwenye utabiri, na hilo ndilo kosa kubwa. Bila ebo, babalawo wako anakuwa mtangazaji wa hali ya hewa. Mpe rubani kitu cha kutoa kinachomuuma, na umwachie nafasi ya kukataa.

Vifaa: kokwa agiza Kigoma. Zinazothaminiwa kwa Ifa zina macho manne au zaidi, na za kawaida huwa na matatu, kwa hiyo usizipige picha kwa karibu. Unga wa msumeno wa seremala unatosha, ila uchekeche mara mbili, la sivyo mistari itabomoka.

Swali: Filamu gani ingemfurahisha Ajala? (Msomaji, Sengerema)

Jibu: Gattaca ya 1997. Vincent anapimwa damu mara tu anapozaliwa: uwezekano wa ugonjwa wa moyo asilimia 99, umri wa kuishi miaka 30.2. Vinasaba hivyo vinamfungia kazi ya anga anayoitaka, basi anaazima jina na damu ya Jerome, mwenye vinasaba safi, ambaye hawezi kutembea. Kichwa kizuri kisicho na mguu, na mguu uliokosa kichwa. Sidhani watengenezaji walijua wameigiza Ifa.

Swali: Hiyo ramli ina tofauti gani na kuku wa wafumu wetu, yaani waganga wa ramli? (Ukerewe)

Jibu: Kuku hupasuliwa, na jicho la mfumu ndilo linalosoma viungo. Mchoro wa Ifa huhesabika, hivyo babalawo wa pili akiutazama atautaja kwa jina lilelile. Wanaweza kubishana kuhusu ubeti, si kuhusu mchoro.