Katekista alimuuliza mwanangu nani husali nyumbani

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji, mama wa watoto watatu. Kijana wake alipata Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani, mwaka jana, na tangu siku ile haendi Misa ila kwa kusukumwa. Akaniandikia: "Mafundisho nimempeleka miaka yote, hata kipindi kimoja hakukosa. Nimekosea wapi?" Niliusoma mara tatu, kisha nikaiweka simu chini. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe mbele ya paroko wetu, huku nalia kwikwi.

Dada, sitakujibu kwa mistari miwili. Kaa nikusimulie.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa fahari yangu, na sioni sababu ya kuficha. Alipoanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza alikuwa na miaka tisa, na baada ya miezi michache majibu yalikuwa yanamtoka kama maji. Sakramenti saba, Amri Kumi, Amri za Kanisa. Vipaji vya Roho Mtakatifu alivitaja kwa mpangilio wake, hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada, uchaji wa Mungu, bila kuvuta pumzi. Wageni wakija nilimwita sebuleni awasomee Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, kwa kichwa. Naam, nilikuwa mama wa namna hiyo.

Wiki moja kabla ya Komunyo, katekista, yaani mwalimu wao wa dini, aliwahoji watoto mmoja mmoja, sisi wazazi tumekaa mabenchi ya nyuma. Wangu alijibu kila kitu. Mimi huku nimenyoosha shingo nione kama wenzangu wanasikia. Katekista akafunga daftari lake, akamwinamia, akamuuliza swali ambalo halikuwa kitabuni: "Na nyumbani kwenu nani husali?"

Mtoto akafikiri kidogo. "Mama husali. Tukivunja kitu."

Kanisa zima lilicheka. Na alikuwa amesema kweli. Glasi ikianguka mimi hupiga kelele, "Ee Yesu na Maria!", na nje ya kanisa hiyo ndiyo sala pekee aliyowahi kuisikia ikitoka kinywani mwangu. Mama mmoja wa kwaya aligeuza jibu hilo kuwa jina, akaniita Mama Tukivunja karibu mwaka mzima. Nimemsamehe. Ila kila nikijiandaa kuungama dhambi sura yake hunijia, kwa hiyo huenda bado kuna kazi.

Mtu mwenye akili angejifunza pale pale. Mimi niliona aibu, na aibu si mwalimu mzuri. Nilirudi nyumbani nikatangaza Rozari kila usiku, matendo yote matano ya kutafakari maisha ya Yesu na Maria, wote kwa magoti, na Litania ya Bikira Maria mwishoni. Baba watoto aliitika huku simu ikiwaka mfukoni. Mdogo wake alilala kabla ya tendo la pili, uso kwenye mto wa kochi. Na mimi nilikuwa refa. Nani kaegemea kiti, nani kapiga miayo, nani kameza maneno. Mkubwa ndiye aliyeongoza, na alikuwa na haraka. "Maria Mtakatifu Mama wa Mungu" ilitoka kama neno moja. Nilimkata katikati kila mara: "Rudia."

Usiku mmoja, ana miaka kumi na mitatu, nilimkata mara ya tatu ndani ya fungu moja, yaani zile Salamu Maria kumi za tendo moja. Hakubisha. Aliitandaza rozari juu ya meza, akaipanga taratibu msalaba ukae sawa, akasema, "Endelea wewe, mama. Wewe ndiye unayejua." Hakuongoza sala tena.

Kipaimara alipata, picha tulipiga, keki tulikata. Jumapili iliyofuata tumbo lilimuuma. Iliyofuata hakuhangaika hata kutafuta sababu.

Ndipo nikaenda kwa paroko, na kwikwi zangu. Nilitegemea anipe pole, au amlaumu katekista kidogo. Hakuniuliza mtoto amehudhuria vipindi vingapi. Aliniuliza: "Na wewe, ukiwa peke yako, husali saa ngapi?" Nilikaa kimya kirefu. Halafu akanikumbusha mambo ambayo mimi, mwanakwaya wa miaka mingi, nilipaswa kuwa nayo kichwani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, uliiita familia Kanisa la nyumbani mwaka 1964, na mwaka uliofuata ukatamka kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 774, inatupa wajibu huo kabla ya watu wengine wote, kwa maneno na kwa mfano. Maneno nilikuwa nayo gunia zima. Mfano ndio mtoto alioueleza mbele ya kanisa.

Hebu piga hesabu. Mafundisho ni saa moja kwa wiki, na wiki ina saa 168. Halafu tunamwambia katekista, ambaye mara nyingi anajitolea tu, kwamba kijana ameharibika mikononi mwake. Wazazi wenzangu, hiyo ni dhuluma, na mimi niliifanya. Tunawapeleka watoto mafundisho kama tunavyopeleka nguo kwa fundi, tukitegemea siku ya kuchukua watakuwa wamekamilika.

Wala siyadharau majibu ya kukariri. Mtoto asiyejua Baba Yetu atasali nini siku ya shida? Ila Papa Pius X, alipofungua mlango mwaka 1910 ili watoto wapokee Komunyo tangu umri wa miaka saba hivi, hakudai wawe wanateolojia. Ilitosha waelewe mafumbo ya lazima kwa kadiri ya umri wao, na wajue kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Mwanangu alijua majibu yote. Sina hakika kama niliwahi kumwambia, mimi kama mama yake, ni nini hunitokea ninaporudi kwenye benchi baada ya kupokea Komunyo.

Basi nini cha kufanya? Salini, lakini kwa ufupi. Sisi tumeshuka hadi fungu moja, yaani tendo moja kwa usiku, na baba watoto simu anaiacha chumbani. Binti yangu wa pili, mwenye miaka kumi na moja, ameidai Alhamisi iwe yake, kwa sababu ndiyo siku ya Matendo ya Mwanga, yale aliyoongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, na yeye anapenda harusi ya Kana. Kila mara anauliza kwa nini Yesu alimjibu mama yake kwa mkato vile. Zamani ningemwambia anyamaze tusali. Sasa tunasimama tunaongea, na usiku mwingine maongezi yanakula sala. Sijioni nina hatia.

Jumamosi tunasoma Injili ya Dominika ya kesho yake, watoto wasiisikie kwa mara ya kwanza wakiwa wanahesabu taa za kanisani. Kila mtu hutaja nia yake, na hakuna kuikosoa: mwanangu mdogo aliomba wiki nzima kwa ajili ya jino lake. Na la muhimu kuliko yote, waone ukisali bila wao kuhusika. Mimi hukaa alfajiri kwenye kiti cha dirishani, mlango wazi. Siwaiti. Wanapita kwenda bafuni, wananiona. Waone, ndugu zangu. Wasihubiriwe, waone! (Najua, nami hapa nahubiri. Ni ugonjwa.)

Na ombeni msamaha. Nilimwomba mkubwa msamaha kwa zile "rudia" zote. Alisema, "Sawa tu, mama," akarudi kwenye vitu vyake. Nilitegemea machozi kama kwenye filamu.

Watu wakisikia kijana wangu huonekana kanisani Noeli na Pasaka tu, haraka haraka hunitajia Mtakatifu Monika. Asanteni, namjua. Mwanawe Augustino alibatizwa Pasaka ya mwaka 387, ana miaka thelathini na miwili, baada ya mama yake kulia miaka na miaka. Wangu ana kumi na saba. Nikipiga hesabu hiyo, usingizi hukatika. Afadhali binti yangu, ambaye bango la kijana Carlo Acutis liko juu ya kitanda chake tangu alipotangazwa mtakatifu Septemba 2025. Mama yake Carlo mwenyewe husimulia kwamba hakuwa mtu wa kanisa, mtoto ndiye aliyemvuta. Kwa hiyo mikondo ni mingi, dada yangu. Mimi nilikuwa kanisani kila Jumapili na wangu akatoka. Yule hakuwepo na wake akaingia.

Kijana wako usimsukume tena hadi mlangoni. Mwambie unakwenda, mwambie nafasi yake ipo, nenda. Na usiku huu washa mshumaa, sali fungu moja, hata kama utakuwa peke yako sebuleni.

Wiki iliyopita zamu ilikuwa ya mdogo, miaka saba. Aliongoza akiwa amekaa sakafuni, rozari ameizungusha kwenye dole gumba, akapotea hesabu. Salamu Maria kumi na mbili. Mkubwa alikuwa anapita kwenda jikoni, akasimama, akakaa kwenye mkono wa kochi. Nilijua naye anahesabu. Ilipofika ya kumi na moja alinigeukia, akanitazama usoni, akingoja niseme lile neno.

Nililimeza. Akainua mabega, akaenda zake jikoni, na mdogo akaanza ya kumi na mbili.