Kwa nini bei zinaungana badala ya kujumlishwa?

SWALI: Shikamoo mhariri. Ninajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na nina faili la CSV (jedwali la maandishi ambalo thamani zake hutenganishwa kwa mkato) lenye mauzo ya duka letu. Nikijumlisha bei ya 1500 na ya 2000 ninapata 15002000, na nilipoandika jumla ndani ya faili hilohilo, orodha yote ilifutika. Tatizo ni nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Moduli ya csv, yaani sehemu ya Python inayoshughulikia mafaili ya aina hiyo, husoma kila kilichomo katika faili kama maandishi, hata pale panapoonekana tarakimu tupu, na alama ya kujumlisha inapokutana na maandishi mawili huyaunganisha. Kwa hiyo kila bei ipitishe kwanza kwenye int, inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, au float ikiwa ina desimali. Kama bei imeandikwa 1,500, alama hiyo ya mkato uiondoe mapema kwa replace, la sivyo int itagoma.

Hilo la pili ndilo zito zaidi. Ukifungua faili kwa hali ya “w”, yaani ya kuandika, Python hufuta yote yaliyomo papo hapo, kabla hujaandika hata herufi moja, na yaliyofutwa hivyo hayapiti kwenye kapu la taka. Hali ya “a” huongeza mwishoni, nayo “x” hukataa kabisa ikiwa faili lenye jina hilo lipo tayari, jambo ambalo kwa anayeanza naliona kuwa kinga bora. Hata hivyo, jumla haina sababu ya kukaa pamoja na data ghafi: soma kutoka mauzo.csv, andika katika jumla.csv, na uyafungue yote mawili kwa amri ya with ili yafungwe yenyewe hata programu ikikatika njiani.