Kuhusu mdahalo wa kuhalalisha bangi

Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza usimame upande gani katika mdahalo wa vijana kuhusu kuhalalisha bangi. Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo wasemaji wengi huyachanganya: kuacha kumfunga mtumiaji, na kuruhusu biashara. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kuwa mtu mzima anaweza kuitumia na kuipanda faraghani, ilhali kuiuza kulibaki kosa. Kanada, mwaka huohuo, iliruhusu hata maduka.

Hoja ya kwanza naiona nzito, kwa sababu kijana anayehukumiwa kwa msokoto mmoja anaweza kukosa cheti cha tabia njema na, pamoja nacho, kazi bandarini.

Ya pili inanitia shaka. Wanaoitetea husifu ushuru na udhibiti, lakini muguka, majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, ni halali na hutozwa ada, na bado mwaka 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alitangaza marufuku ya kuuingiza Mombasa akitaja madhara kwa vijana, marufuku ambayo mahakama iliisimamisha.

Wakikwambia bangi ni dawa, kubali kwamba kanabidioli, kemikali inayopatikana katika bangi, hutibu aina fulani za kifafa, kisha uwakumbushe kuwa hiyo hupimwa na kuandikwa na daktari, haivutwi vichochoroni.