Kwa nini Mwezi hauanguki? Majibu ya maswali yenu kuhusu mwendo na mvutano

Swali: Nikiacha kusukuma mkokoteni, unasimama. Basi si lazima kitu kisukumwe ndipo kiendelee kwenda?

Jibu: Si lazima. Mkokoteni hausimami kwa kukosa msukumo. Unasimamishwa na msuguano. Punguza msuguano, mkokoteni utafika mbali zaidi. Uondoe kabisa, utaendelea kwa kasi ileile kwenye mstari ulionyooka. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya mwendo ya Isaac Newton, aliyoichapisha mwaka 1687. Kani, yaani msukumo au mvuto, kazi yake ni kubadilisha mwendo, si kuudumisha. Naomba mlishike hili kwanza, maana mengi yanayowasumbua yanatokea hapo.

Swali: Jiwe zito na jiwe jepesi, lipi litatangulia kufika chini?

Jibu: Yatafika pamoja, hewa isipoingilia. Lenye tungamo (kiasi cha maada) mara kumi huvutwa kwa kani mara kumi, lakini kuliongeza kasi nako ni kugumu mara kumi. Mwaka 1971, mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa Mwezini, kusikokuwa na hewa. Vikatua wakati mmoja.

Swali: Kama kila kani ina kani pinzani iliyo sawa nayo, mbona hazifutani?

Jibu: Kwa sababu haziko kwenye kitu kimoja. Ukisukuma ukuta, kani yako inaukabili ukuta. Ya ukuta inakukabili wewe.

Swali: Kwa nini Mwezi hauanguki?

Jibu: Unaanguka! Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mwezi uko mbali na kitovu cha Dunia karibu mara 60 kuliko sisi tulio juu ya ardhi. Mvutano wa Dunia hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo huko ni hafifu mara 3,600 (60 × 60). Jiwe likiachiwa hapa hushuka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Gawanya kwa 3,600: unapata milimita 1.4 hivi. Ndicho kiasi ambacho Mwezi hushuka kuelekea kwetu kila sekunde, ukipinda kutoka kwenye mstari ulionyooka, huku ukiwa umekwenda kando kilomita moja. Kwa mwendo huo wa kando, kila unapoanguka unaikosa Dunia.

Swali: Na wanaanga wanaoelea, huko hakuna mvutano?

Jibu: Upo. Kwenye kituo cha anga za juu, kilomita 400 hivi kutoka ardhini, bado unafikia karibu asilimia 90 ya huu wa hapa. Wanaanguka pamoja na chombo chao, kwa hiyo sakafu haiwasukumi juu.